Ile Chungu

Asubuhi ile alichovya kijiko, akafumba macho kama kawaida yake, akakitia mdomoni, na utamu haukuwapo.

Moto ulikuwapo. Pilipili iliwaka kwenye ncha ya ulimi, ikapanda mashavuni, ikamtoa machozi kama siku zote. Lakini embe halikuwapo, sukari haikuwapo, wala ule uchachu wa chungwa unaokuja mwishoni na kusafisha koo. Ilikuwa kama kulamba pasi ya moto. Akachovya tena. Pasi ile ile.

"Vipi, Ulimi?" mpishi alimwuliza, mwiko mkononi. "Imekubali?"

Naye, mwanamke mtu mzima, mama wa binti aliyeolewa, ambaye hajawahi kusema uongo juu ya pilipili hata siku moja, akafumbua macho, akasema, "Imekubali."

Jina la Ulimi alipewa kazini. Mtu asiyemjua angedhani ni kwa sababu ya umbea, na umbea nao alikuwa nao kidogo, hatutamsingizia wala hatutamfichia. Lakini jina lilitokana na kazi yake. Palikuwa na nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya karakana ya fundi seremala, ambayo wenyewe waliiita kiwanda kwa kujipa moyo. Chumba cha mbele kilikuwa cha chupa, cha kati cha mashine ya kusagia, cha nyuma cha majiko. Humo walipika kitu kimoja tu: pilipili tamu ya embe, embe bivu na pilipili nyekundu zilizochemshwa pamoja na sukari na maji ya machungwa mpaka zikawa nzito za kumiminika polepole. Na hakuna chupa iliyofungwa kabla Ulimi hajaonja. Kijiko kimoja, macho yamefumbwa, watu kimya, kisha neno moja: "Imekubali" au "Bado." Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuonja. Sheria hiyo aliiweka mwenyewe, kwa madai kwamba ndimi nyingi huleta kelele nyingi, na mwenye kiwanda akaikubali.

Sasa, wiki iliyotangulia alikuwa ameugua mafua, yale ya kulala chali na kuongea na dari. Pua ilikuwa imeshazibuka. Mtu mwingine angesema, ah, ni mafua hayo, yatapita, akaenda zake. Ulimi hakuweza kusema hivyo, kwa sababu ya mama yake.

Mama yake mzazi alianzia mezani. "Hiki chakula hakina chumvi," alisema siku moja, na chumvi ilikuwamo. Wakacheka, wakamwongezea. Kesho yake akasema tena. Baadaye akawa anajitilia mwenyewe, anatia mpaka hakuna mwingine awezaye kula kutoka sahani ile. Hakuna aliyejali, mzee ana mambo yake. Kisha akaanza kuwaita watoto wake kwa majina ya ndugu zake waliokufa zamani. Kisha akawa anasimama uani kwake mwenyewe, anauliza hii nyumba ya nani na kwa nini hawamrudishi kwao. Siku za mwisho alimtazama Ulimi usoni kwa adabu nyingi, kama mtu anavyomtazama mgeni, akamshukuru kwa kumletea maji.

Yote hayo yalianzia kwenye ulimi. Kwa hiyo asubuhi ile, alipolamba pasi ya moto badala ya embe, hakufikiria mafua. Alifikiria uani kwa mama yake.

Akaficha. Na hapa ndipo unatamani kumshika bega umwambie, mama wee, sema! Ana mwajiri, ana binti, kuna daktari mitaa miwili kutoka kwake. Lakini mwoga ana hesabu zake. Aliona kwamba akilisema tu, litakuwa kweli, na asipolisema huenda likachoka kusubiri, likaondoka.

Akaanza kuonja kwa macho. Alitazama jinsi pilipili inavyodondoka kutoka kijikoni, kama inavuta au inakimbia. Alisikiliza inavyotokota. Zaidi ya yote, alimtazama mpishi. Huyu walimwita Kelele, kwa sababu hata siri aliieleza kwa sauti ya kuitia ng'ombe zizini, na uso wake nao ulikuwa hivyo hivyo, haufichi kitu. Kelele alikuwa na tabia ya kuulamba mwiko kwa wizi akidhani hakuna anayemwona. Sukari ikizidi, nyusi zilimpanda. Ikipungua, alikunja pua. Ulimi alijitia hamnazo, akasubiri nyusi zitulie, ndipo anafumba macho na kutia kijiko mdomoni. "Imekubali," anasema, na Kelele anatikisa kichwa kwa heshima. "Dada, huo ulimi wako uwekewe bima!"

Alicheka nao. Moyoni alikuwa roho juu. Njiani kurudi nyumbani alijipima: anataja watoto wa kaka yake kwa kufuatana, anataja majirani wa nyumba aliyozaliwa, anarudi kutoka mwisho kwenda mwanzo. Akikwama kwenye jina moja, anaanza upya. Alifunga jiko, akatoka, akarudi kuhakikisha amefunga jiko. Jioni moja alimwita binti yake kwa jina la dada yake mdogo, kosa ambalo mama huyu alikuwa akilifanya tangu binti yu mchanga na wote wakicheka. Binti akacheka. Ulimi akaingia bafuni, akafungua bomba ili asisikike, akalia.

Binti alikuwa amekuja kukaa naye kwa sababu ana mimba kubwa na mumewe ni dereva wa masafa marefu. Mimba yenyewe ilikuwa ya pilipili. Kila jioni Ulimi alileta ile chupa ya mwisho isiyojaa, na binti alichovya kidole humo kabla hata mama hajavua viatu.

Siku ya kisa chenyewe, Kelele alikuwa anapika vyombo viwili. Kwenye sufuria kubwa ilikuwa pilipili ya kila siku. Kwenye chungu cha udongo ilikuwa ile nzito ya wateja maalumu, inayopikwa taratibu tangu alfajiri. Pale kazini hawakupoteza muda kusema pilipili iliyopikwa kwenye chungu na pilipili iliyopikwa kwenye sufuria. Walisema tu "ile chungu" na "ile sufuria." Ile chungu iko tayari? Ile sufuria ikoroge. Na wala hapakuwa na mtu wa kuchanganyikiwa, maana tangu kiwanda kifunguliwe hakijawahi kutoa pilipili yenye uchungu.

Mchana Kelele alipigiwa simu kwamba bomba limepasuka nyumbani kwake, godoro linaelea. Akavua aproni mbio. Akaulamba mwiko wa sufuria kwa mara ya mwisho, akakunja uso, akatema kwenye beseni. Ulimi hakuona. Alikuwa chumba cha kati, mashine ya kusagia inanguruma, chupa zinagongana. Alichokiona ni kichwa cha Kelele mlangoni.

"Dada! Ile chungu mwaga!"

"Nini?"

"Ile chungu! Mwaga yote! Usimpe mtu!"

"Chungu?"

"Chungu kabisa! Mwaga!" Na mtu akatoweka.

Ulimi alizima mashine, akaenda jikoni, akasimama mbele ya majiko mawili. Siku nyingine zote angechovya kijiko kwenye chungu, angeona kwamba pilipili ile haina kasoro, na angempigia simu Kelele kumwuliza kama bomba limempasukia kichwani. Akachovya kwenye chungu. Moto. Akachovya kwenye sufuria. Moto. Akainama, akavuta hewa kwa pua yote aliyopewa na Mungu, akapata mvuke tu.

Alishika simu. Akafikiri: nikimwuliza kwa nini nimwage, atasema, wewe si umeonja? Akairudisha mfukoni.

Basi akaimwaga ile chungu. Akaibeba kwa vitambaa viwili mpaka kwenye mtaro, akainamisha, na ile pilipili nzito ya tangu alfajiri ikashuka taratibu, nyekundu inayong'aa, nzuri kupita kiasi. Kitu kilimwambia anakosea, na hakuwa na njia ya kujua ni nini, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Umeonja?" mwanamke wa kujaza chupa aliuliza, barakoa usoni, alipoletewa ile sufuria.

"Nimeonja. Imekubali."

Wakajaza, wakafunga, wakapanga makreti mlangoni tayari kwa gari la asubuhi. Ulimi akatia chupa yake isiyojaa mkobani, akaenda nyumbani akitaja watoto wa kaka yake kwa kufuatana.

Jioni, binti alikuwa mezani anamenya viazi vya kuchemsha. Ulimi aliingia chumbani kubadili nguo. Akasikia kifuniko cha chupa kinafunguliwa. Kisha kiti kikasukumwa.

"Mama," binti aliita, sauti imebana. "Mama... uchungu!"

Neno hilo likitoka kwa mwanamke mwenye tumbo, hakuna mama anayesubiri maelezo. Ulimi alitoka na mguu mmoja wa kiatu. Binti alikuwa ameinama, mkono mmoja umeshika meza, uso umekunjamana.

"Mungu wangu, mwezi bado! Kaa! Usikae! Lala! Jirani! Jirani, gari!"

"Mama..."

"Pumua! Umeanza lini?"

"Sasa hivi! Mama, siyo huo! Wa mdomoni!" Binti akatema kwenye sahani ya maganda. "Hii pilipili yako ni chungu!"

Ulimi akashusha pumzi. "Siyo chungu hiyo, mwanangu. Hiyo ni sufuria. Ile chungu nimeimwaga."

Wakatazamana.

"Umemwaga chungu gani?" binti aliuliza. "Mimi nakwambia ni chungu, ina uchungu. Kama sabuni. Onja."

Alikwisha kuonja, ndilo jambo lenyewe. Alichukua chupa hata hivyo, akatia kidole, akakilamba, na binti akamtazama. Moto tu. Na katikati ya moto huo akaisikia sauti ya Kelele mlangoni, chungu kabisa, usimpe mtu, na safari hii akaielewa.

"Umemeza?"

"Kidogo. Nimetema."

"Sukutua. Sukutua tena. Kunywa maji." Huku anapiga simu, vidole vinakosea. "Kelele! Ile uliyosema nimwage ilikuwa ipi?"

"Ya kwenye sufuria, dada!" Hata kwenye simu ilibidi aisogeze mbali na sikio. "Niliiloweka sufuria usiku na ile dawa ya kung'arishia vyombo, nadhani sikuisuuza sawasawa. Si uliionja mwenyewe? Umeimwaga, siyo?"

Alikata simu. Jirani alikuwa ameshatoa gari, anapiga honi, amesikia neno uchungu na hana habari nyingine. Ulimi akamtia binti garini na chupa yake, na njia nzima alishika lile tumbo kwa mikono miwili, akiomba litingishike. Hakuna hofu iliyowahi kumbana kama ile. Ile ya mama yake ilikuwa inamnyemelea polepole. Hii ilimkaba.

Daktari alinusa chupa, akauliza maswali, akasikiliza tumbo kwa muda ambao Ulimi aliuona hauna mwisho. Mtoto alikuwa salama, anapiga teke kama kawaida yake. Ile ya kidoleni haikutosha kumdhuru mtu. "Lakini anayekula sahani nzima ningemwona hapa usiku," daktari alisema. "Ziko nyingine?"

Ziko. Makreti yamepangwa mlangoni, na gari linakuja asubuhi.

Walikaa kwenye benchi la korido. Binti alikuwa anamtazama mama yake upande.

"Mama, wewe umeilamba mbele yangu. Hukukunja hata uso. Husikii?"

"Sisikii."

"Tangu lini?"

"Tangu yale mafua. Utamu sisikii, harufu sisikii. Nasikia moto tu."

"Na kwa nini hukusema?"

Ulimi alitazama viatu vyake, ambavyo havikufanana. "Bibi yako alianza hivi."

Binti alikuwa mtoto wa shule wakati bibi yake alipomsimamisha mlangoni na kumwuliza, wewe mtoto wa nani, mbona umeingia bila hodi. Yeye pia hakusahau. Ulimi aliona hofu yake mwenyewe ikiingia katika uso wa mwanawe, na hapo akajuta kuzaliwa na mdomo.

Kisha binti akamshika mkono. "Mimi ni nani?"

"Ndilo swali gani hilo?"

"Nijibu."

"Wewe ni mwanangu. Mbishi. Unachovya vidole kwenye chupa kama huna malezi."

"Basi bado upo," binti alisema, akafuta macho kwa haraka. "Mpigie mwenye kazi."

Alipiga. Mwenye kiwanda alikuwa mwanamke wa maneno machache, asiyependa kupigiwa simu jioni.

"Zile chupa za leo zisiondoke," Ulimi alisema. "Zina dawa ya kung'arishia. Na kosa ni langu. Ulimi wangu umekufa."

"Umekufa vipi?"

"Sisikii ladha. Tangu nilipougua."

"Kwa hiyo zote ulizozipitisha tangu ulipougua..."

"Nilikuwa namtazama Kelele usoni. Huwa anaulamba mwiko."

Mwenye kazi akatoa sauti ambayo haikujulikana ni kicheko au kikohozi. "Nakwenda kufunga mlango kwa kufuli sasa hivi," alisema. "Kesho uje mapema. Tutazimwaga pamoja."

Hakufukuzwa. Zilifunguliwa chupa zote, zikamwagwa kwenye mtaro ule ule, na Kelele siku nzima hakupaza sauti, jambo lililowatia watu wasiwasi. Tangu hapo kila chombo kilisuuzwa mbele ya watu wawili. Ulimi akapelekwa kwenye meza ya machungwa, kukata, kukamua na kuchuja mbegu. Kijiko chake kikabaki kimetundikwa msumarini. Mwenye kazi akawa anaonja mwenyewe na kusema "Imekubali" kwa sauti ya mtu anayeuliza.

Daktari naye alimchunguza, akamwuliza habari za mama yake, akaandika. "Mara nyingi hurudi," alisema. "Huchukua muda."

"Na isiporudi?"

"Tutaangalia."

Neno hilo "tutaangalia" alirudi nalo kazini. Alikamua machungwa nalo, akalala nalo. Binti alijifungua salama, na uchungu wa kweli ulipoanza, mama aliuliza mara mbili, "Wa wapi?" kabla ya kuita gari. Wakampa mjukuu. Kila aliyemshika alimnusa utosi na kusema, jamani, watoto wachanga. Ulimi naye akainamisha pua kwenye utosi ule, akavuta, akavuta tena. Hakupata kitu. Akamrudishia mama yake, akasema ananukia vizuri sana, akatoka nje. Hakuulilia utosi ule. Alililia siku atakapomtazama mtoto huyo kwa adabu na kumshukuru kwa kumletea maji.

Basi ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Kelele yuko jikoni, ameinamia chungu. Ulimi yuko kwenye machungwa, anataja watoto wa kaka yake kwa kufuatana, na sasa na mjukuu mwishoni. Kipande cha chungwa kilichopasuka hakikufaa kukamuliwa, akakitupia mdomoni bila kufikiri, akakitafuna na mbegu yake.

Akasimama.

Kitu kilikuwa kimegusa nyuma ya ulimi. Kidogo, kwa mbali. Akatafuna tena ile mbegu, akaisaga kwa meno yote, na kitu kikaja karibu, kibaya, kikavu, kinachokunja uso wenyewe bila kuuomba ruhusa. Uso ukamkunjika. Akalikumbuka jina la kitu hicho.

"Chungu!" alipiga ukelele. "Chungu! Chungu!"

Kelele aliruka. Kisu kilianguka, watu wa chupa wakakimbilia jikoni, mwenye kazi akatokea mlangoni. Kelele alikuwa ameshakinyakua chungu chote jikoni kwa vitambaa viwili, macho yamemtoka, tayari kukimbilia mtaroni.

"Niimwage, dada? Ina nini?"

Ulimi alikuwa amejishika mdomo kwa mikono miwili, analia na kutafuna.